Majagina Wawili na Mvua Moja: Usomaji Mpya wa Kibonzo cha Ororo na T'Challa kwa Jicho la Ekalakala

Ikisiri

Makala haya yanakichunguza upya kisa kifupi cha vibonzo kilichochapishwa na kampuni ya Marvel ya Marekani mnamo Desemba 1980. Katika kisa hicho majagina wawili wa Kiafrika, Ororo na T'Challa, wanakumbuka jinsi walivyokutana nchini Kenya wakiwa bado watoto. Kisa chenyewe hakikuvuta macho ya wengi kwa kuwa kiliwekwa nyuma ya hadithi nyingine iliyopewa uzito zaidi. Makala yanakilinganisha na mighani ya Fumo Liyongo na Lwanda Magere, kisha yanakisoma kutoka Ekalakala, Machakos, mahali ambapo suala la mvua si la kubuni. Hoja kuu ni kwamba kisa hiki kinamwopoa jagina kutoka katika upweke wake wa jadi, lakini kinaisahau jamii, ambayo ndiyo mbia wa kwanza wa jagina yeyote.

1.0 Utangulizi

Ekalakala iko katika eneo la Masinga, Kaunti ya Machakos, kwenye nyanda kavu za Ukambani. Mkulima wa huko hupanda mahindi, kunde, pojo, mbaazi na mtama, na macho yake huyaelekeza zaidi kwenye mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba, kuliko masika. Vuli ikikosa kunyesha, mwaka wote huwa umevunjika mgongo. Kwa sababu hiyo Wakamba wana utamaduni wa kuzipa njaa majina, na majina hayo ni fasihi fupi inayobeba historia ndefu. Njaa ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kiliangushwa kutoka angani. Njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake 'nitakufa nikiwa nimeshika', yaani pesa zimo mkononi lakini chakula cha kununua hakipo.

Ni katika kipindi hicho hicho ambapo kampuni ya Marvel ilitoa toleo la 100 la mfululizo wake uitwao Marvel Team-Up. Jalada lake lina tarehe ya Desemba 1980. Ndani yake mna kisa cha msichana anayeamuru upepo na mvua, na mahali anapotumia nguvu hizo ni Kenya. Hivyo basi, wakati ambapo mkulima wa Ukambani alikuwa akihesabu siku zisizo na wingu, wasomaji wa ng'ambo walikuwa wakisoma kuhusu Kenya ambayo mvua yake imo mikononi mwa mtu mmoja.

Sadfa hiyo haitoshi yenyewe kuwa hoja ya kitaaluma. Hata hivyo, inazua maswali mawili yanayostahili kujibiwa na mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Kwanza, je, kibonzo hiki kinaongeza nini katika fikra zetu kuhusu jagina? Pili, je, kinapunguza nini? Makala haya yanashikilia kwamba maswali yote mawili yana majibu, na kwamba anayelijibu moja na kuliacha jingine atakuwa amekionea kibonzo au amewaonea watu wa Ekalakala.

2.0 Kibonzo Chenyewe na Sababu za Kupuuzwa Kwake

Mfululizo wa Marvel Team-Up ulianza mwaka 1972 na kukoma mwaka 1985 baada ya matoleo 150. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kila toleo liwakutanishe majagina wawili au zaidi ambao kwa kawaida huwa na hadithi zao mbalimbali. Mara nyingi mmoja wao alikuwa Spider-Man. Utanzu huu mdogo unaweza kuitwa kwa Kiswahili 'ubia wa majagina'. Neno 'ubia' linafaa kwa sababu linadokeza kwamba kila upande una mtaji wake, na faida na hasara hugawanywa.

Toleo la 100 lilikuwa na visa viwili. Kisa kikuu kilimhusu Spider-Man na kundi la Fantastic Four, kikachorwa na Frank Miller na kumtambulisha mhusika mpya aliyeitwa Karma. Mhusika huyo baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa kundi la New Mutants mwaka 1982, na kwa hiyo wakusanyaji wa vibonzo wakalikumbuka toleo hilo kwa ajili yake. Kisa cha pili, kilichotungwa na Chris Claremont na John Byrne, na kuchorwa na Byrne, kilikuja nyuma kama kipande cha nyama kinachoongezwa kwenye mizani. Hicho ndicho kinachowahusu Ororo na T'Challa.

Wahusika hawa walikuwa na historia zao kabla ya hapo. T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966. Ororo, ajulikanaye pia kwa jina la Storm, aliibuka mwaka 1975 katika hadithi ya Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Humo tunamwona Kenya akiabudiwa kama mungu wa kike. Watu wanamwendea kumlilia kuhusu ukame, naye anawaletea mvua. Mwaka 1976 Claremont alimpa nasaba: mama yake, N'Dare, ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya, na baba yake ni Mmarekani mweusi mpiga picha za magazeti. Wazazi hao wanauawa Cairo wakati wa vita vya Suez mwaka 1956, na mtoto anafukiwa na kifusi kando ya maiti ya mama yake. Tangu siku hiyo Ororo anaogopa mno mahali palipobana. Anakuwa mtoto wa mitaani, kisha anafunga safari ya miguu kuelekea kusini, kuitafuta asili ya mama yake.

Kisa cha 1980 kinatokea katika safari hiyo. Ororo, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, anamkuta kijana T'Challa akiwa hatarini. Anayemwandama ni Andreas de Ruyter, mzungu mbaguzi wa rangi kutoka Afrika Kusini. Msichana anatumia nguvu zake na kumwokoa mwana wa mfalme. Wawili hao wanaishi pamoja kwa muda, wanapendana, kisha wajibu unawatenganisha. Miaka mingi baadaye, wakiwa watu wazima huko Marekani, de Ruyter anarudi kulipiza kisasi, nao wanalazimika kushirikiana tena.

Kurasa hizo chache ndizo zilizozaa mengi yaliyofuata. Mwaka 2006 Marvel iliwaoza Ororo na T'Challa, na mwaka huo huo mwandishi wa riwaya Eric Jerome Dickey akasimulia upya mapenzi yao ya utotoni katika mfululizo wa matoleo sita. Ndoa hiyo ilivunjwa katika hadithi za mwaka 2012. Wasomaji wengi wanaijua harusi. Wachache wamerudi kukisoma kisa kilichoifanya harusi iwezekane. Ndivyo ilivyo kwa matini nyingi: mti husifiwa kwa matunda, na mzizi hubaki gizani.

3.0 Jagina Mpweke katika Mighani ya Afrika Mashariki

Ili kuuona upya wa kisa hiki, ni vyema kwanza kulikumbuka jagina tunalolijua. Katika mighani yetu, jagina aghalabu hufa kwa siri. Ana nguvu kupindukia, lakini mwilini mwake pana mahali pamoja palipo wazi kwa kifo, na anayepafichua mahali hapo ni mtu wa karibu naye.

Fumo Liyongo, kwa mfano, hawezi kuuawa kwa silaha yoyote ila kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Mfalme wa Pate anamhonga mwana wa Liyongo mwenyewe ili aidukize siri hiyo, na mwana anamchoma babaye usingizini. Lwanda Magere wa Waluo ana mwili wa jiwe. Mikuki ya maadui humgonga na kuanguka. Maadui wanamwoza binti yao, naye anagundua kwamba udhaifu wa mumewe umo kivulini. Vita vinapoanza tena, mkuki unaelekezwa kwenye kivuli, na shujaa anakuwa jiwe.

Mighani hii miwili inatoka katika jamii mbalimbali, lakini inakubaliana katika jambo moja: kujuana ni hatari. Anayemjua jagina kwa undani ndiye atakayemuua. Mapenzi ya mwana kwa baba na ya mke kwa mume yanageuzwa kuwa mlango wa adui. Jagina mwenye busara, kwa mantiki ya mighani hii, ni yule asiyejulikana na yeyote. Na asiyejulikana na yeyote ni mpweke.

Hata hivyo, usomaji makini wa kisa cha Liyongo unaonyesha kwamba upweke huo si kamili. Anapofungwa gerezani, Liyongo hatoki kwa misuli yake. Mama yake anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani. Kijakazi Saada anaupeleka. Walinzi wanaudharau kwa kuwa ni wa makapi, nao unamfikia mfungwa. Kisha watu wa mjini wanapiga ngoma na kuimba, na kelele zao zinafunika mlio wa tupa inayokata pingu. Kwa maneno mengine, ushujaa wa Liyongo wa usiku ule ni kazi ya mama, kijakazi na wachezaji ngoma. Yeye alikata pingu tu. Wengine ndio waliomwezesha kuzikata.

Aidha, kifo chake kinaigusa jamii kwa namna ambayo mkaazi wa Ekalakala angeielewa haraka. Liyongo aliyechomwa anapiga goti karibu na kisima, upinde wake mkononi, na hapo anakata roho bila kuanguka. Watu wanadhani yu hai, wanaogopa kusogea, na kwa siku kadhaa mji unakosa maji. Jagina aliyesalitiwa anaufunga mji kisima chake. Mgogoro kati ya jagina na watu wake, basi, mwisho wake ni kiu.

4.0 Ubia: Udhaifu Usiouzwa

Kisa cha Claremont na Byrne kinaupindua mpango huo wa jadi. Wahusika wote wawili wanakutana katika hali ya udhaifu. T'Challa ni mrithi wa ufalme, lakini kwa wakati huo ni kijana anayewindwa. Ororo ana uwezo wa kuamuru anga, lakini ni yatima asiye na kwao, mwenye kovu la kifusi moyoni. Kila mmoja anamwona mwenzake akiwa hana ngao.

Kwa mantiki ya mighani, hapo ndipo usaliti ungeanza. Msichana angeweza kupita njia yake, au angeweza kumkabidhi kijana kwa wanaomtaka akapata malipo. Badala yake, udhaifu anaouona unakuwa sababu ya kumlinda. Miaka inapopita na adui kurudi, wanaopambana naye ni watu wanaofahamiana tangu walipokuwa hawana sifa wala vyeo. Kujuana, ambako kulimuua Liyongo na Lwanda Magere, hapa kunaokoa maisha.

Jambo la pili la kuzingatiwa ni mgawanyo wa nguvu kijinsia. Katika mighani mingi ya jagina wa kiume, mwanamke hujitokeza kama chambo au mdukizi, kama alivyo mke wa Lwanda Magere. Na akiwa mwema, kama mama wa Liyongo, hubaki jikoni na mkate wake. Katika kisa hiki msichana ndiye anayeokoa na mwana wa mfalme ndiye anayeokolewa. Tena anaokolewa bila kudhalilishwa: haonekani mpungufu kwa kuwa ameokolewa na mwanamke, wala msichana hadai shukrani inayomfunga. Kwa maandishi ya kibiashara ya mwaka 1980, hilo si jambo dogo.

Jambo la tatu ni utambulisho wa adui. Mwaka 1980 sera ya ubaguzi wa rangi ilikuwa bado ikitawala Afrika Kusini, na jela zake zilikuwa zimejaa waliompinga mtawala. Kumweka mbaguzi wa Afrika Kusini kuwa adui wa watoto wawili Waafrika katika kibonzo kilichouzwa kwenye vibanda vya magazeti vya Marekani kulikuwa ni kuchukua msimamo. Ubia wa Ororo na T'Challa, kwa hiyo, unaweza pia kufasiriwa kama ishara ya Afrika inayoungana dhidi ya dhuluma moja, hata kama waandishi wake walikuwa mbali na bara lenyewe.

5.0 Kenya Isiyo na Wakenya

Baada ya kuupa ubia haki yake, ni lazima kuitazama ardhi ambayo juu yake ubia huo unatokea. Hapa ndipo kasoro zinapojitokeza, na zinaanzia kwenye majina.

Majina T'Challa na N'Dare yana ritifaa. Katika maandishi ya Kiswahili sanifu ritifaa ina kazi maalumu: hutofautisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, na katika ushairi huonyesha silabi iliyodondoshwa. Katika majina ya vibonzo haifanyi lolote kati ya hayo. Imewekwa ili jina lionekane la mbali. Ni pambo la ugeni. Jina Wakanda nalo limewafanya baadhi ya wapenzi wa vibonzo kuwataja Wakamba, kwa kuwa sauti zinakaribiana. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa asili. Lakini mwanafunzi wa isimu atagundua jambo jingine: kwa mpangilio wa lugha za Kibantu za eneo hili, kiambishi wa- ni cha watu, ilhali nchi huchukua u-. Wakamba ni watu, Ukambani ni kwao. Nchi iliyopewa jina lenye umbo la watu ni nchi iliyotajwa na mtu aliyesikia neno bila kusikia sarufi yake.

Jina la Ororo lina bahati zaidi. Kiswahili kina kivumishi -ororo, chenye maana ya laini, na kutokana nacho tunapata nyororo. Neno nyororo, kwa upande mwingine, ni pia cheni yenye pete zilizoshikana. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuziona maana zote mbili katika mhusika huyu: ulaini wa mvua inayonyesha polepole, na pete inayomshika mwenzake. Maana hiyo haikupangwa na watunzi. Inazaliwa pale matini inapofika mikononi mwa msomaji mwenye lugha yake. Ndiyo faida ya kusoma kutoka kwetu.

Kasoro kubwa zaidi ni ya watu. Katika hadithi ya 1975 Wakenya wanaonekana wakilia na kuabudu. Katika kisa cha 1980 mandhari ya Kenya yamebaki kuwa uwanja wa watoto wawili wa nasaba ya kifalme na maadui zao kutoka nje. Hakuna mkulima, hakuna soko, hakuna shule, hakuna mzee anayewauliza watoto hao wanatoka kwa nani. Mtu aliyekulia Ukambani atashangaa: watoto wawili wapite nchi nzima pasiwepo mama mmoja wa kuwauliza kama wamekula?

Kukosekana huko kwa watu kuna athari katika suala la mvua. Mvua ya Ororo hutoka kwake na kumwishia yeye. Watu wa chini kazi yao ni kuomba na kushukuru. Hawana ujuzi, hawana desturi, hawana mikono. Kwa namna hii kibonzo kinarudia, bila kukusudia, picha ya zamani ya Mwafrika anayesubiri wokovu kutoka juu: jana kutoka kwa ndege ya msaada, leo kutoka kwa msichana arukaye.

6.0 Mvua ya Ekalakala

Ukambani mvua haikuwahi kuwa mali ya mtu mmoja. Katika desturi za kale, panapotokea ukame wazee waliohusika na mahali patakatifu, paitwapo ithembo, walipeleka sadaka chini ya miti mikubwa iliyokatazwa kukatwa. Wanawake, hasa wa umri mkubwa, walicheza kilumi, ngoma ya kuita mvua na kuwasiliana na pepo. Anayepandwa na pepo katika kilumi hawi jagina. Ni chombo tu, na pasipo wapigaji ngoma na waitikiaji hapana kilumi. Nguvu imo katika duara. Ukimtoa mtu mmoja katika duara hilo ukamweka hewani peke yake, utakuwa umepata Ororo, lakini utakuwa umeipoteza kilumi.

Desturi hizo zimepungua, na Wakamba wengi leo ni Wakristo. Lakini kanuni ya kushirikiana haikufa, ilihamia shambani. Mwethya ni utaratibu wa Wakamba wa kufanya kazi kwa pamoja: leo shamba la huyu, kesho la yule. Kuanzia miaka ya 1950, na kwa kasi zaidi baada ya uhuru, vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake, vilichimba matuta katika miteremko ya Machakos ili maji ya mvua yasikimbie na udongo. Aina moja ya matuta hayo huitwa fanya juu, kwa kuwa udongo unaochimbwa hutupwa upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani kote bila kutafsiriwa. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti maarufu uliodai kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua.

Karibu na Ekalakala pana pia bwawa la Masinga kwenye mto Tana, lililokamilika mwaka 1981. Lina uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Lilijengwa hasa kudhibiti mtiririko wa maji kwa ajili ya mitambo ya umeme iliyo chini yake mtoni, na baadhi ya familia zilihamishwa ili kulipisha. Kwa hiyo mkulima wa pande hizi anaweza kuuona upana wa maji machoni pake, na bado mbegu zake zikawa zinangoja mawingu. Bwawa nalo, kwa njia yake, ni kama jagina wa kibonzo: lina nguvu za ajabu, linaonekana kutoka mbali, lakini kumfikia mtu wa kawaida kwake kunahitaji mengi ambayo lenyewe haliwezi kuyatoa.

Tukirudi kwenye kisa cha Ororo na T'Challa tukiwa na mwethya akilini, tunaona kwamba watunzi walifika nusu ya njia. Waligundua kwamba jagina mmoja hatoshi. Wakamwongezea wa pili. Lakini waliishia kwenye wawili. Mama wa Liyongo, Saada na wachezaji ngoma wangewaambia kwamba ubia haukomei kwa wenye majina makubwa.

Ni haki kuongeza kwamba Claremont mwenyewe alilikaribia jambo hili miaka mitano baadaye. Katika toleo la 198 la Uncanny X-Men, la Oktoba 1985, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, Ororo amepoteza nguvu zake na anarudi Afrika. Anakifikia kijiji kilichochoshwa na ukame akiwa pamoja na msichana mjamzito aitwaye Shani. Safari hii hana mvua ya kutoa. Alicho nacho ni mikono, na anaitumia kumsaidia mwanamke kujifungua. Ororo asiye na nguvu yuko karibu zaidi na mwethya kuliko Ororo mungu wa kike, na kisa hicho kinafaa kusomwa bega kwa bega na kile cha 1980.

7.0 Faida kwa Mwanafunzi wa Fasihi

Huenda akatokea wa kuuliza: kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili apoteze muda wake kwa vibonzo, tena vya kigeni? Majibu ni matatu.

Kwanza, vibonzo si vigeni kwetu. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na wako Wakenya waliojizoeza kusoma Kiswahili kwa kumfuata juha huyo. Katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi, uliohusishwa na wasanii Terry Hirst na Frank Odoi, uliigeuza mighani ya Kiafrika, ukiwemo wa Lwanda Magere, kuwa hadithi za picha. Mwaka 2010 jarida la Shujaaz lilianza kuwasimulia vijana wa Kenya kwa Sheng. Na mashujaa wake ni vijana wa kawaida wanaopashana maarifa kuhusu kilimo, biashara na uongozi. Hapo jina la shujaa limeshuka kutoka angani likakaa mtaani. Anayetaka kuandika historia ya jagina katika fasihi yetu hawezi kuziruka hatua hizi.

Pili, kibonzo kinafundisha usomaji. Maana yake haimo katika maneno peke yake wala katika picha peke yake, bali katika nafasi kati ya kisanduku kimoja na kinachofuata, ambapo msomaji hulazimika kukamilisha kitendo mwenyewe. Fanani wa fasihi simulizi hufanya jambo lilo hilo anaponyamaza na kuiachia hadhira. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi hii: wachore kwa visanduku sita tukio la Liyongo kukata pingu, kisha wajadili ni nani waliyempa visanduku vingi, Liyongo au Saada, na kwa nini. Mjadala huo utafundisha usawiri wa wahusika kuliko fasili kumi zilizokaririwa.

Tatu, na hili ndilo zito, picha ya nani analeta mvua si mchezo. Mtoto wa Ekalakala anayekua akiamini kwamba wokovu hutoka juu, uwe wa ndege, wa bwawa au wa mungu wa kike, atajifunza kungoja. Yule anayeuona mkono wa nyanya yake katika tuta la shamba atajifunza kwamba maji ya mvua hukaa pale yanapoandaliwa pa kukaa. Fasihi hainyeshi mvua, lakini huamua ni nani atakayehesabiwa kuwa shujaa mvua ikinyesha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kisa cha Ororo na T'Challa cha mwaka 1980 kinastahili kurudiwa. Kinaivunja kanuni ya mighani kwamba kumjua jagina ni kumuua, na badala yake kinaonyesha kujuana kunakolinda. Kinampa msichana nafasi ya kuokoa bila kumdunisha anayeokolewa. Kinamtaja dhalimu wa wakati wake kwa uwazi. Papo hapo, kinaijenga Kenya isiyo na Wakenya, kwa majina yaliyopambwa ugeni na mvua isiyo na jamii.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kukitupa kwa ajili ya kasoro hizo, wala kukisifu kwa kuwa kimetaja Kenya. Afanye kama lifanyavyo kundi la mwethya linapoingia katika shamba lililomomonyoka: halimlaumu mwenye shamba, halilihami shamba, huchimba tuta, likatupa udongo upande wa juu, ili mvua ijayo isipite bure. Watunzi wa vibonzo vya Kiswahili watakaotaka kuendeleza kazi hii wana kisa tayari. Wamwandike Saada na mkate wake wa wishwa. Wawaandike wanawake wa mwethya na majembe yao. Ubia huo wa majagina bado haujachorwa ipasavyo.